Majeruhi Anayekoroma Hajalala

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni Jumapili jioni. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia.)

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama kando ya barabara kuu nikisubiri basi, mara pikipiki iliyobeba abiria mmoja ikateleza kwenye mchanga na kuanguka. Dereva aliinuka akajipangusa vumbi. Abiria wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, hakuinuka. Watu walijaa kama ilivyo desturi yetu, na kwa dakika moja au mbili kila mtu akawa daktari. Mmoja alileta maji ya chupa ili amnyweshe. Mwingine alikunja koti lake akamwekea chini ya kisogo liwe mto. Kijana alikuwa amelala chali, na kooni mwake ilitoka sauti nzito ya kukoroma. Mzee mmoja akasema kwa faraja, "Mwacheni apumzike, si mnasikia anakoroma? Amelala tu huyo."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nibadili mazungumzo niliyokuwa nimekwisha kuyaandaa kwa ajili ya leo. Kijana yule hakuwa amelala. Alikuwa anakabwa na ulimi wake mwenyewe.

Kwa bahati njema alitokea mama mmoja aliyekuwa naye anasubiri basi. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni muuguzi mstaafu. Hakusema mengi. Aliliondoa lile koti, akapiga magoti kwenye kichwa cha kijana, akaweka vidole vyake nyuma ya pembe mbili za taya, pale chini ya masikio, akalisukuma taya mbele bila kuigeuza shingo. Kukoroma kukakoma kama redio iliyozimwa. Kifua cha kijana, ambacho awali kilikuwa kinahangaika, kikaanza kupanda na kushuka kwa utulivu. Lilipopatikana gari, yule mama alipanda nyuma pamoja naye, na njia nzima hakuliachia taya lile.

Nilipomtafuta siku mbili baadaye kumwuliza habari, aliniambia kwamba mikono yake ilipata kupumzika pale tu walipofika hospitali na kijana akawekewa kifaa kidogo cha plastiki mdomoni. Vifaa ninavyotaka kuvieleza leo vyote ni vya ukoo huo. Vimebuniwa ama kuipumzisha mikono ya mama yule, ama kufanya kazi ambayo mikono peke yake haiwezi.

Hebu tuanze na ulimi. Mtu akiwa macho, au hata akiwa amelala usingizi wa kawaida, misuli ya taya na ya ulimi hubaki na nguvu kiasi. Akipoteza fahamu, iwe kwa pigo la kichwa, kwa ulevi uliopita kiasi, kwa degedege au kwa dawa ya usingizi anayopewa kabla ya kupasuliwa, misuli hiyo hulegea. Ulimi ni mnyofu mkubwa wa nyama kuliko tunavyoudhania tunapoutazama kwenye kioo. Sehemu yake kubwa iko nyuma, kuelekea kooni. Mtu akilala chali, mzigo huo hurudi nyuma na kuegemea ukuta wa koo. Pamoja nao hushuka kidakatonge, kile kifuniko kinacholinda njia ya hewa wakati wa kumeza. Ikiwa njia imezibwa nusu, hewa hupita kwa kelele, na kelele hiyo ndiyo ile tuliyoiita usingizi. Ikizibwa yote, hakuna kelele tena. Hapo watu husema, "Sasa ametulia." Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika nne au tano hivi.

Mto chini ya kisogo huzidisha balaa, kwa sababu hukiinamisha kichwa mbele na kuikunja njia. Maji anayomiminiwa mtu asiye na fahamu hayaendi tumboni, huenda mapafuni. Na kijiko tunachokilazimisha kati ya meno ya mgonjwa wa kifafa huvunja meno, na vipande vya meno navyo huishia kule kule kwenye njia ya hewa. Mwenye kifafa asiwekwe kitu chochote mdomoni. Aondolewe karibu na moto na vitu vya kumwumiza, alazwe ubavu, na kama mtikisiko umezidi dakika tano apelekwe hospitali. Mtu aliyezimia lakini anapumua naye alazwe ubavu, kichwa kikielekea nyuma kidogo na mdomo ukitazama chini, ili ulimi uanguke mbele na matapishi yatoke nje. Aliyeanguka kwa kishindo na kuhofiwa kuumia shingo ashikwe taya kama alivyofanya mama yule. Ikilazimu kumgeuza, ageuzwe na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikienda kama gogo moja.

Sasa kile kifaa cha plastiki. Kina umbo la ndoana butu, kina tundu katikati, na huja kwa ukubwa mbalimbali. Muuguzi hukipima kuanzia meno ya mbele hadi pembe ya taya ili apate kinachomfaa mgonjwa. Kikishaingia mdomoni huushika ulimi usirudi nyuma. Kinaitwa kwa jina la daktari wa Kimarekani, Arthur Guedel, aliyekieleza mwaka 1933, wakati huo kikitengenezwa kwa mpira.

Guedel ni mtu ambaye waendesha pikipiki wetu wangempenda. Katika Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa Ufaransa, na kwa kuwa wataalamu wa usingizi walikuwa wachache na majeruhi walikuwa maelfu, alizunguka kutoka hospitali hadi hospitali kwa pikipiki, katika matope, akiwafundisha wauguzi na wasaidizi wa kawaida namna ya kutoa dawa ya usingizi kwa usalama. Aliwachorea chati ya kubandika ukutani, inayoonyesha kwa macho na pumzi za mgonjwa usingizi umefikia kina gani. Hakuwa na nafasi ya kuwasomesha miaka mingi, basi akawapa kile ambacho mtu yeyote makini angeweza kukitumia.

Kifaa chake kina sharti moja. Hakiwekwi kwa mtu mwenye fahamu au anayeweza bado kukohoa na kubeua, maana kitamtapisha. Kwa mtu wa namna hiyo hutumika mrija laini unaopitishwa puani hadi nyuma ya koo, isipokuwa pale inapohofiwa kwamba mfupa wa chini ya fuvu umevunjika.

Lakini ulimi si adui pekee. Kuna mate, kuna damu, kuna chakula kinachopanda kutoka tumboni. Mikono haiwezi kuvizuia hivyo, na ndoana ya plastiki vile vile haiwezi. Hapo ndipo unapohitajika mrija unaoshuka hadi ndani ya bomba la hewa lenyewe, ukiwa na kiputo kidogo karibu na ncha yake. Mrija ukishafika mahali pake, kiputo hicho hujazwa hewa kwa bomba la sindano, kikajaza nafasi iliyobaki kuuzunguka mrija. Hewa ya kwenda mapafuni hupita ndani ya mrija tu, na uchafu wa kutoka juu huzuiwa na kiputo.

Huyu Guedel, akishirikiana na mwenzake Ralph Waters, ndiye aliyeufanya mrija wa namna hiyo ukubalike mwishoni mwa miaka ya 1920. Ili kuwathibitishia madaktari wenzake kwamba kiputo kinaziba sawasawa, alimchukua mbwa, akampa dawa ya usingizi, akamwekea mrija wenye kiputo, kisha akamzamisha ndani ya tangi la maji huku akipumua kwa mrija. Mbwa alipotolewa aliamka, akajikung'uta maji, akajilaza pembeni. Jina alilopewa mbwa huyo, ukilitafsiri, ni Njia ya Hewa. Sijui leo kamati gani ingeruhusu onyesho la namna ile, lakini waliokuwapo hawakuwa na la kubisha.

Thamani ya kiputo hicho ilikuja kuonekana kwa ukubwa wake mwaka 1952 katika mji wa Copenhagen, nchini Denmark. Mwaka huo polio iliingia kwa nguvu kubwa. Hospitali ya Blegdam, iliyokuwa inapokea wagonjwa hao, wakati fulani ilipata wapya wapatao 50 kwa siku. Wengi wao walikuwa watoto. Ugonjwa uliwapooza baadhi yao misuli ya kupumua na ile ya kumeza pia. Hospitali nzima ilikuwa na pafu la chuma moja tu, yaani lile pipa kubwa ambamo mgonjwa hulazwa kichwa kikibaki nje, pamoja na vifaa sita vidogo vya kufunga kifuani. Katika wiki tatu za mwanzo wagonjwa 31 waliopooza kwa namna hiyo walitibiwa kwa vyombo hivyo, na 27 kati yao walikufa.

Tatizo halikuwa uchache wa mapipa peke yake. Mtu aliyepooza koo hawezi kumeza hata mate yake. Pafu la chuma lilipomlazimisha kuvuta hewa, lilimvutisha na mate. Watoto wale walikuwa wanazama katika mate yao, juu ya kitanda kikavu.

Hapo aliitwa mtaalamu wa dawa ya usingizi, Bjørn Ibsen. Siku hizo mtu wa kazi yake alionekana kuwa ni wa chumba cha upasuaji, hana shughuli wodini. Ibsen alipendekeza kile anachokifanya kila siku kwa wanaopasuliwa: mgonjwa atobolewe tundu shingoni, awekewe mrija wenye kiputo, mate yafyonzwe, kisha apumuliwe kwa kubonyeza mfuko wa mpira wenye oksijeni.

Tarehe 27 Agosti alikabidhiwa binti wa miaka 12 aliyepooza mikono na miguu na ambaye hakutarajiwa kupona. Mambo yalianza vibaya. Binti alipambana, mapafu yakakaza, hewa haikuingia, na madaktari waliokuja kushuhudia wakaanza kuondoka chumbani mmoja mmoja. Ibsen akampa dawa ya kumlaza. Mwili ulipolegea, mapafu yakafunguka na akaweza kumpumulia. Binti akapona kifo kile.

Lakini nani angeibonyeza mifuko hiyo, usiku na mchana, kwa wiki na miezi? Mashine za kufanya hivyo hazikuwapo za kutosha. Waliitwa wanafunzi wa udaktari. Walikaa kando ya vitanda kwa zamu, kila mmoja na mtoto wake, wakibonyeza mfuko na kuachia, wakibonyeza na kuachia. Wakati mmoja wagonjwa 70 walikuwa wanapumuliwa kwa mkono kwa pamoja. Hadi mlipuko ulipokwisha, wanafunzi wapatao 1,500 walikuwa wametumia saa zipatazo 165,000 katika kazi hiyo. Vifo vya wagonjwa waliopooza namna ile, vilivyokuwa zaidi ya wanane katika kila kumi, vilishuka hadi takriban mmoja katika kila wanne. Wodi za wagonjwa mahututi tunazozijua leo zilizaliwa kutokana na tukio hilo. Na wengi wetu tulioanza kusikia habari za mashine za kupumulia mwaka 2020, wakati wa korona, hatukujua kwamba mashine ya kwanza ya kazi hiyo ilikuwa ni kiganja cha mwanafunzi.

Ni huko Denmark pia ambako Henning Ruben na Holger Hesse walitoa mwaka 1956 mfuko unaojijaza wenyewe unapoachiwa, hata kama hakuna mtungi wa oksijeni karibu. Huo ndio ule unaoitwa Ambu, ambao utaukuta hata katika kituo cha afya kilicho mbali na lami, ukitumika kwa watoto wachanga wasiolia wanapozaliwa. Hubanwa usoni kwa barakoa yake, na kazi ngumu si kubonyeza bali ni kuishika barakoa isivuje huku taya likiwa limeinuliwa. Kama nafasi ipo, ni heri watu wawili: mmoja ashike, mwingine abonyeze.

Mrija wenye kiputo siku hizi kwa kawaida hupitishwa mdomoni, bila kutoboa shingo. Mtaalamu hushika kwa mkono wa kushoto chombo chenye taa na ulimi wa chuma uliopinda, aina iliyobuniwa na Robert Macintosh wa Oxford mwaka 1943, akauinua ulimi wa mgonjwa hadi azione kamba za sauti, kisha akaupitisha mrija katikati yake. Kabla ya hapo mgonjwa huvutishwa oksijeni kwa dakika kadhaa ili awe na akiba. Ukisikia koo linawasha siku moja au mbili baada ya kupasuliwa, ndiyo alama ya mgeni huyo.

Hatari yake kubwa ni kupotea njia. Nyuma ya bomba la hewa kuna umio, njia ya chakula, na milango ya njia hizo mbili imekaribiana sana. Mrija ukiingia kwenye umio, oksijeni yote hupelekwa tumboni. Mtaalamu husikiliza kifua pande zote mbili, hutazama kama kinapanda sawasawa, lakini masikio na macho yamekwisha kuwadanganya hata mabingwa. Shahidi wa kuaminika zaidi ni kipimo cha hewa ya ukaa inayotoka kwa mgonjwa, maana mapafu huitoa kila pumzi, na tumbo halina cha kuendelea kutoa. Kipimo hicho bado hakijafika katika kila chumba cha upasuaji cha nchi zetu, na kwa maoni yangu ni aibu kununua vitanda vya kifahari na mapazia kabla ya kukinunua.

Kati ya barakoa ya usoni na mrija wa ndani kuna kifaa cha tatu, kilichobuniwa na daktari wa Uingereza, Archie Brain. Alianza kukijaribu mwaka 1981, akakichapisha mwaka 1983, na kikaanza kuuzwa huko mwaka 1988. Ni barakoa ndogo yenye umbo la yai, inayoshushwa kooni bila kuhitaji chombo chenye taa, ikakaa juu ya mlango wa njia ya hewa kama kifuniko. Ni rahisi kuweka kuliko mrija, na imeokoa wengi pale mrija uliposhindikana. Hata hivyo haizibi vizuri kama kiputo, kwa hiyo tumbo likiwa limejaa haiaminiki sana.

Habari ya tumbo inanikumbusha jambo linalotuhusu moja kwa moja sisi wagonjwa. Tunapoambiwa tusile kabla ya upasuaji wa kupangwa, kwa kawaida saa sita kwa chakula na saa mbili kwa maji matupu, wengi tunadhani ni ukali wa wauguzi. Nimewahi kulala wodini jirani na bwana mmoja aliyekunywa chai ya maziwa na chapati mbili alfajiri, kisha akaapa kwamba hajaonja kitu. Mkewe ndiye aliyemfichua, tena machela ikiwa mlangoni. Bwana alikasirika kwa kuahirishiwa upasuaji. Dawa ya usingizi ingelegeza kila kitu, chapati ingepanda hadi kooni na kushuka mapafuni kabla mrija haujawekwa. Ukiulizwa umekula lini, sema kweli. Sema pia kama una meno ya bandia au jino linalotikisika, na kama katika upasuaji wa zamani uliambiwa kwamba kukuwekea mrija kulikuwa kwa shida. Maswali hayo hayaulizwi kwa udadisi. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa orodha ya kukagua usalama wa upasuaji, iliyojaribiwa katika hospitali nane duniani ikiwemo moja ya Ifakara, Tanzania, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2009, moja ya mambo ya kukaguliwa kabla mgonjwa hajalazwa usingizi lilikuwa hilo: je, njia yake ya hewa ni ngumu?

Nimalizie na barua ya msikilizaji mmoja ambaye baba yake, mvuvi, alikaa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia, akatobolewa shingo na kurudi nyumbani na mrija shingoni. Anasema baba hana sauti, majirani wanaona haya kulitazama tundu, na shangazi amemfunga kitambaa kizito shingoni ili lisionekane.

Kitambaa hicho kiondolewe leo. Pua ya baba kwa sasa ni lile tundu. Kulifunga ni kumziba pua. Kuzuia vumbi na inzi inatosha shashi nyepesi, safi na kavu, iliyoning'inizwa bila kubana, na asikae karibu na moshi wa jikoni. Sauti haikufa. Hewa inatokea chini ya kamba za sauti, haizifikii. Wapo wanaofundishwa kuziba tundu kwa kidole wanapotaka kusema neno, lakini asijaribu kabla waliomtibu hawajamruhusu, maana kama mrija wake una kiputo kilichojaa, kuziba tundu ni kumnyima pumzi kabisa. Mrija mdogo wa ndani, kama upo, utolewe na kusafishwa kama mlivyoelekezwa, na mrija wa akiba uwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba hiyo anapajua hata gizani. Akianza kupumua kwa mluzi, au makohozi yakikauka na kuziba, msingoje asubuhi.

Kuoga aoge ameketi, maji yaishie kifuani. Na hilo swali la mwisho, kama anaweza kurudi ziwani na wenzake, jibu ni hapana, maadamu tundu liko wazi. Akitumbukia, maji yataingia moja kwa moja mapafuni. Nyavu anaweza kuzishona akiwa nchi kavu.